Kijana anataka tuisimbe kompyuta ya nyumbani, baba yake hataki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 45, mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Pia ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko wanawake 28. Nakuandikia kwa jambo ambalo shoga zangu wakilisikia watacheka, maana si la ndoa kuvunjika wala mtoto kutoroka. Ni la kompyuta. Lakini wiki ya pili hii chakula cha usiku kwangu kinaliwa kimya, na chanzo ni hiyo hiyo kompyuta.

Ni ya mezani, iko sebuleni karibu na runinga, tumeifunika kitambaa cha kufuma. Tuliinunua mtumba mwaka 2019. Kila mtu anaitumia. Mume wangu anasomea magazeti na habari za mpira. Binti yangu wa kidato cha tatu anafanyia kazi za shule, halafu tamthilia za Kikorea. Kijana wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea mambo hayo hayo ya kompyuta, na akija likizo ndiye mtaalamu wetu. Mimi humo nina daftari lote la kikundi kwenye Excel tangu 2020: nani amekopa, kiasi gani, nani amechelewesha rejesho, nani mdhamini wake. Nina picha za vitambulisho vya NIDA vya wanachama wote. Nina hati ya kiwanja chetu niliyoiskani. Nina picha za marehemu mama yangu ambazo hazipo kwingine kokote.

Na kwa kuwa jina langu hulitoi, Shangazi, niseme kweli yote. Kuna faili moja la mahesabu yangu mwenyewe. Ni kibindo changu. Kila mwezi naweka pembeni kidogo, na sehemu yake namtumia mdogo wangu wa kike, ambaye mume wangu alishasema asisaidiwe tena. Faili nimeliita "Mapishi ya Idi".

Mwezi wa pili kompyuta iligoma kuwaka. Mume wangu akaipeleka kwa fundi mjini, ikakaa siku nne. Ilirudi inafanya kazi vizuri, mafaili yote yapo. Wiki mbili baadaye, kikao kilipoisha, mwanachama mmoja akanivuta pembeni. Akasema jirani yake anajua mkopo wake ni shilingi ngapi, mpaka mia tano ya mwisho. "Mwalimu, haya mambo yanatokaje kwako?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kichwani mwangu akaja yule fundi tu. Siku nne nzima!

Kijana alipokuja likizo ya Pasaka nikamsimulia. Akasema dawa ni moja, tuisimbe diski nzima, yaani kila kilichomo kigeuzwe maandishi yasiyosomeka mpaka uwe na ufunguo. Aliyasema hayo mezani mbele ya baba yake. Baba yake ni Yanga damu, akasema kwanza neno lenyewe halimpendezi. Tukacheka wote. Kisha akaacha kucheka. "Ndani ya nyumba yangu kuna nini cha kufungiwa? Anayefunga ana anachoficha." Alipoyasema hayo aliniangalia mimi, si kijana. Mimi nikaangalia sahani.

Na mimi mwenyewe naogopa. Baba yangu alipofariki mwaka 2008 aliacha kasha la mninga, ufunguo hatukuuona. Kaka zangu wakalivunja kwa shoka, na nusu ya karatasi zikachanika. Halafu mwaka jana mwalimu mwenzangu alinunua laptopu dukani, siku moja ikamletea skrini ya bluu inadai tarakimu 48 ambazo hajawahi kuziona maishani mwake. Mpaka leo iko kabatini, na maazimio ya kazi ya miaka miwili yamo mlemle.

Kijana anarudi chuo Jumapili ijayo. Anasema kama ni kufanya, tufanye kabla hajaondoka. Nikifunga, mume wangu atajua nina siri. Nisipofunga, wanawake 27 wananiamini bure. Nifanyeje?

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole. Shoga zako wakicheka, waache wacheke. Mimi nilicheka pale pa Yanga tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nahesabu unaowaogopa: fundi, jirani wa mwanachama, mumeo, na siku ambayo wewe hutakuwepo na ufunguo hauonekani. Mwizi wa kuvunja dirisha hukumtaja kabisa, nikashangaa. Mara ya pili nikaona kwamba kila mmoja wao anaingilia mlango wake, na kijana wako amekuletea kufuli la mlango mmoja. Ni kufuli zuri, sikatai. Tuangalie tu ni la mlango upi.

Tuanze na fundi. Labda kompyuta yenu ina nenosiri la kuingilia Windows, na labda ulidhani hilo linatosha. Hilo ni pazia. Fundi akitaka, anafungua boksi kwa bisibisi, anachomoa diski, anaichomeka kwa kebo kwenye mashine yake, na mafaili yako yanaonekana kama ya kwake. Nenosiri hata haliulizwi, kwa sababu Windows yako haijawaka. Diski ikisimbwa, fundi huyo huyo akifanya hayo hayo anakuta takataka tupu. Njia inayotumika sana kwa kazi hiyo inaitwa AES. Waliitunga Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 serikali ya Marekani ikaipitisha kuwa kiwango chake rasmi. Namna inavyofanya kazi imechapishwa wazi, yeyote anaweza kuisoma. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Kwa hiyo fundi hana njia ya kuuzunguka, na wewe ukiupoteza huna wa kumwendea.

Sasa mlango wa pili, mumeo. Diski iliyosimbwa, kompyuta ikishawaka na mtu akaingia, ni diski kama nyingine yoyote. Aliyeketi kwenye kiti anasoma. Binti yako akimaliza kipindi chake akaenda kulala bila kuizima, Mapishi ya Idi yako wazi kama gazeti. Hata virusi vya kwenye flashi vinaingia saa hiyo hiyo ambapo mlango uko wazi. Kwa hiyo una hofu kwamba ukifunga mumeo atajua una siri, na una tumaini (hukulisema, nimelisikia) kwamba ukifunga siri itakaa. Kwa hilo analolitaka kijana, vyote viwili havipo. Mumeo atabaki anasoma kila anachoweza kusoma leo. Sijui kama hiyo ni habari njema kwako au mbaya, lakini ni vizuri uijue kabla ya Jumapili.

Rudi kwa fundi kidogo. Una hakika ni yeye? Simtetei, simjui. Lakini nikuulize, orodha ya mikopo unachapa wapi? Nyumbani hukutaja printa. Wengi wetu tunakwenda pale pa kutoa kopi, tunamtumia binti wa dukani faili kwa WhatsApp, anachapa, tunalipa, tunaondoka. Faili linabaki. Nimewahi kusimama kwenye duka la namna hiyo nikisubiri zamu yangu, nikaona kwenye skrini majibu ya vipimo vya mtu, cheti cha ndoa cha mwingine na barua ya kuacha kazi, vimepangwa kama vitumbua kikaangoni. Hakuna aliyeviiba. Viliachwa tu. Tena mikopo yenu, kama vikundi vingi, inatajwa kwa sauti kikaoni, na mdhamini anajua kiasi alichodhamini mpaka hiyo mia tano ya mwisho. Kuna wanawake 28, na kila mmoja ana jirani. Ukiifunga kompyuta na kumbe maneno yalipita mdomoni, safari ijayo yakivuja utaulizwa kwa ukali zaidi, maana wote watajua kwamba ufunguo unao wewe.

Kuna swali jingine ambalo kijana hakuliuliza kwa sababu yeye anawaza kufuli. Picha za NIDA za watu 28 unazihifadhi kwa kazi gani? Kama zilihitajika siku ya kujiandikisha tu, kazi yake ilikwisha siku ile. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa za mtu zitunzwe salama, na mwingine ni kwamba usikusanye kupita unachohitaji wala usikae nazo kupita muda wake. Kisichokuwepo hakivuji. Lakini hilo nalo si la kuamua peke yako usiku na kitufe cha kufuta, vitambulisho ni vya wenyewe. Peleka kikaoni. Huenda ukashangaa watakavyosema.

Nikuambie yaliyonipata mimi, ili usidhani nakutisha kwa ya kusikia. Mwaka 2016 nilikuwa na rekodi za sauti ya bibi yangu, akisimulia walivyohama Kilwa yeye akiwa msichana. Nikaziweka kwenye flashi, nikaifunga kwa nenosiri, nikaona nimefanya jambo la maana. Za kwenye simu nikazifuta, simu ilikuwa imejaa. Nenosiri sikuliandika popote kwa sababu lilikuwa ni kitu ambacho nisingeweza kukisahau. Nimejaribu majina ya watoto wangu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nimejaribu jina la bibi lenye herufi kubwa na lisilo nayo, mwaka wa ndoa yangu, mwaka wa ndoa yake. Flashi iko kwenye bati la biskuti pamoja na nyuzi na sindano. Nikitafuta sindano naiona.

Nilijifariji kidogo niliposoma mwaka 2021 habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa programu wa huko San Francisco, aliyesahau nenosiri la kifaa chake kidogo kilichobeba funguo za bitcoin 7,002. Kifaa kinaruhusu kukosea mara kumi, naye alikuwa amebakiwa na mara mbili. Kama yeye, mwenye kuijua kazi hiyo, lilimpata, mimi ni nani. Faraja hiyo lakini haikunirudishia bibi.

Ndiyo maana mahali barua yako iliponishtua kuliko pote si kwenye kibindo. Ni pale uliposema picha za mama yako hazipo kwingine kokote, tena kwenye kompyuta ya mtumba ambayo imeshagoma mara moja. Diski inayoanza kufa, fundi hodari anaweza kuokoa humo picha chache. Diski inayokufa ikiwa imesimbwa, kazi hiyo inakuwa ngumu mara nyingi zaidi, na bila ufunguo haipo kabisa. Picha za mama yako zina siri gani? Hazihitaji kufuli, zinahitaji kuzaana. Mpe kaka zako nakala, mpe binti, weka kwenye flashi mbili nyumba mbili tofauti. Chochote utakachoamua juu ya mengine, hili lifanye lisisubiri.

Sasa kuhusu njia ulizonazo. Diski nzima, kama anavyotaka kijana, inakukinga na mwizi na fundi kwa pamoja, na huhitaji kukumbuka kufunga kila siku. Muulize kwanza Windows yenu ni Home au Pro, maana BitLocker, programu ya Windows yenyewe ya kusimba diski, ikiwa kamili iko kwenye Pro, na Home zina toleo jepesi lake kwa mashine zinazolikubali tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, BitLocker huendelea ilipoishia kompyuta ikiwashwa tena, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi. Kinachonikosesha mimi usingizi ni baadaye, fundi akibadilisha bodi, au mabadiliko fulani ndani ya mashine yakaitia wasiwasi, nayo ikakuletea ile skrini ya bluu ya mwalimu mwenzako. Saa hiyo kijana yuko chuo na wewe una kikao saa kumi.

Na huyo mwalimu mwenzako, mwambie asikate tamaa bado. Siku hizi kompyuta nyingi za Windows zinajisimba zenyewe mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na tarakimu zile 48 zinahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Swali ni akaunti ya nani. Madukani kwetu muuzaji mara nyingi ndiye anayeiwasha ili mteja aone inafanya kazi, na anaweka barua pepe yake mwenyewe. Mwenzako aipige picha ile skrini ya bluu, ina namba ya kutambulisha ufunguo, aende nayo dukani amwombe muuzaji aangalie kwenye akaunti yake. Kama aliingia kwa barua pepe yake mwenyewe na akasahau, aangalie kwenye yake. Huenda maazimio yake yanamsubiri.

Njia nyingine ni kutofunga nyumba nzima ila sanduku moja. VeraCrypt ni programu ya bure inayotengeneza faili moja kubwa ambalo ni kama kasha, unaingiza nenosiri linafunguka, unaweka vitu, unalifunga. Au, ukitaka rahisi zaidi, Excel yenyewe kuanzia toleo la 2007 inasimba faili ukiliwekea nenosiri la kulifungua. Hapo kuwa mwangalifu, kwa sababu kuna kitufe kingine cha kuzuia watu wasihariri jedwali, na wengi wanakichanganya na hicho. Hicho ni komeo la mlango wa choo, linaheshimiwa na mwenye adabu. Faida ya sanduku ni kwamba daftari la kikundi linafungwa hata kwa aliyeketi kwenye kiti, na familia inaendelea na maisha yake. Hatari yake ni kusahau, kama mimi. Pia nakala za zamani ulizofuta zinaweza kuwa bado zinasomeka kwenye diski kwa anayejua kuzitafuta. Na sanduku linaonekana. Mumeo halisomi, lakini analiona lipo, na yeye ndiye aliyeuliza kuna nini cha kufungiwa.

Au mambo ya kikundi yahame nyumbani kwako kabisa, yakae kwenye diski ndogo ya nje. Vikundi vingi vya namna yenu vina kasha la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti. Kama na nyinyi mnalo, diski inaweza kulala humo na fedha. Kasha nalo linaibika, diski nayo inaanguka sakafuni ikafa, kwa hiyo nakala ya pili mahali pengine ni lazima, na mgeuko huo unaturudisha kwenye swali la kufunga hiyo nakala. Najua. Haya mambo yana tabia ya kuzunguka.

Lakini lile kasha la kufuli tatu nimeliwaza siku mbili hizi. Waliolibuni hawakumwamini mweka hazina kupita kiasi na hawakumdharau pia. Walijua mtu anaweza kuugua, kusafiri, kushawishika, kufa. Tarakimu 48 za BitLocker zimegawanywa kwenye mafungu manane ya tarakimu sita sita. Unaweza kuziandika kwa kalamu kwenye karatasi tatu, matatu, matatu na mawili, kisha kila mmoja kati ya watu watatu akapewa karatasi mbili kati ya hizo tatu. Wa kwanza ana ya kwanza na ya pili, mwingine ya pili na ya tatu, mwingine ya kwanza na ya tatu. Mmoja peke yake hafungui. Wawili wowote wakikutana wanafungua, hata kama wa tatu, Mungu apishe mbali, ni wewe. Pengine ni makubwa mno kwa kompyuta ya sebuleni. Pengine bahasha moja ndani ya Msahafu au Biblia inatosha. Lakini kaka zako wasingeshika shoka.

Na mmoja wa hao watatu anaweza kuwa mumeo. Nalisema hili kwa sababu sina hakika kwamba uliisoma vizuri ile sura yake mezani. Labda ulikuwa sahihi, anashuku. Lakini nani aliipeleka kompyuta kwa fundi? Ni yeye. Kijana anasema mbele ya wote kwamba tufunge kwa sababu kuna fundi aliyechungulia, na yeye ndiye aliyemchagua fundi, ndiye aliyelipa. Huenda alisikia analaumiwa na mtoto wake, na mke amekaa kimya. Tena ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa. Mwanaume wa namna hiyo hukasirikia kufuli kwa sababu hawezi kumkasirikia kijana kwa kuwa na akili. Sijui. Wewe unamjua, mimi namkisia kwa barua.

Kuhusu kibindo, sitakuhubiria. Bibi zetu walikifunga kwenye kona ya kanga na hakuna aliyewaita wezi. Lakini ndani ya faili lako mna mambo mawili, na nadhani unayajua. Akiba yako ni jambo moja. Fedha za mdogo wako, ambazo mlishazizungumza akakataa, ni jambo la pili, na hilo halina programu. Ukilifungia kwenye sanduku, litakaa kimya mpaka siku mdogo wako atakapompigia simu kumshukuru. Ukilihamishia kwenye daftari la karatasi, litakuwa chini ya godoro badala ya kuwa kwenye diski. Ukimwambia, unaweza kupata ugomvi wa wiki moja, au wa miaka. Sikuchagulii. Ila nikuulize kwa upole, ulipoangalia sahani ilikuwa ni aibu au hofu? Kama ni aibu, una muda. Kama ni hofu ya mwili wako, acha kompyuta kabisa, niandikie hilo kwanza.

Mwisho, hiyo Jumapili. Ni tarehe ya basi la kijana, si ya diski. Badala ya kukufungia kompyuta kisha akaondoka na maarifa yote, mwambie akae na wewe jioni moja, na baba yake akiwepo kama atapenda, achukue flashi tupu akuonyeshe kuifunga na kuifungua. Nenosiri liweke wewe. Kisha ikae wiki nzima bila kuguswa, halafu ujaribu kuifungua peke yako, bila kumpigia simu. Hapo utajijua wewe ni mtu wa kufuli la aina gani, na hakuna kitakachokuwa kimepotea.

Na yule mwalimu mwenzako akiipata laptopu yake, tafadhali niandikie hata mistari miwili. Nina bati la biskuti hapa linalotaka kusikia.

Shangazi